Gramu si watu: jinsi majitaka yanavyopima matumizi ya dawa za kulevya

Mwaka 2005, watafiti wa Taasisi ya Mario Negri ya mjini Milan, wakiongozwa na Ettore Zuccato, walichota maji ya mto Po, mto mrefu kuliko yote nchini Italia, wakayapeleka maabara kutafuta kokeini. Mto huo hupokea majitaka ya watu wapatao milioni 5. Walipopiga hesabu waliona kwamba kila siku maji yalikuwa yakipitisha mabaki yanayolingana na kilo 4 hivi za kokeini. Kwa dozi za miligramu 100, hizo ni dozi kama 40,000 kwa siku. Lakini takwimu rasmi, zile zinazopatikana kwa kuwauliza watu, ziliashiria kwamba vijana wa eneo hilo walitumia kokeini angalau mara 15,000 kwa mwezi.

Msomaji asiipite haraka tofauti hiyo. 40,000 ni ya siku moja. 15,000 ni ya mwezi mzima.

Kwamba watu huficha si habari mpya. Anayegongewa mlango na kuulizwa kama ametumia kitu kilichopigwa marufuku ana kila sababu ya kukana, hata akiahidiwa siri. Wanaotumia sana mara nyingi hawana hata mlango wa kugongewa: wako barabarani, gerezani, au wodini. Lipo na jambo la tatu ambalo husahaulika: mtumiaji mwenyewe huenda hajui alichouziwa. Kidonge kilichoitwa ekstasi kinaweza kisiwe na chembe ya MDMA, kemikali ambayo ndiyo ekstasi yenyewe. Dodoso hupokea kile alichoamini amekimeza, ilhali mkojo wake hubeba kilichopita mwilini kweli.

Wazo la kwenda kuuliza bomba badala ya kumuuliza mtu lilitolewa mwaka 2001 na Christian Daughton, mwanasayansi wa Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani aliyekuwa akifanya kazi Las Vegas. Yeye hakuanzia kwenye uhalifu. Alikuwa akichunguza jinsi dawa za hospitali na vipodozi vinavyoishia mitoni baada ya watu kuvitumia, na akaona kwamba njia inayobeba dawa ya maumivu hadi mtoni ndiyo hiyo hiyo inayobeba kokeini. Ilichukua miaka minne mpaka Waitalia wakalifanya wazo hilo kuwa kipimo. Leo kuna nchi ambazo sera zao za dawa za kulevya husubiri ripoti ya majitaka kama mkulima anavyosubiri utabiri wa mvua.

Mimi naiamini mbinu hii. Na kwa kuwa naiamini, inaniumiza kuona namba zake zinavyosomwa vibaya. Kila ripoti inapotoka, vichwa vya habari hutangaza mji fulani kuwa na “watumiaji wengi zaidi”. Majitaka hayajawahi kuhesabu mtumiaji hata mmoja. Yanachopima ni gramu. Ili kuona kwa nini tofauti hiyo ni kubwa, hatuna budi kuifuata gramu moja tangu inapoingia mwilini hadi inapogeuka namba kwenye karatasi.

Kutoka ini hadi chemba

Mwili haupitishi kokeini kama bomba linavyopitisha maji. Ini huivunjavunja, na zao lake kubwa ni kemikali inayoitwa benzoilekgonini, ambayo figo huitoa kwa mkojo. Maabara huitafuta hiyo kuliko kokeini yenyewe, kwa sababu mbili. Kwanza, haiozi upesi, hivyo huvumilia safari ya saa kadhaa ndani ya mabomba yenye joto na bakteria. Pili, inaashiria kwamba kokeini imepitia mwilini mwa mtu. Kokeini tupu ndani ya majitaka inaweza kuwa imemwagwa chooni na mtu aliyesikia polisi wanabisha hodi.

Sampuli huchotwa pale majitaka yote ya mji yanapoingia kwenye mtambo wa kusafishia, kabla hayajaguswa na matibabu yoyote. Hapa ndipo kazi nyingi hufanywa vizuri au kuharibika, ingawa ni sehemu isiyotajwa kwenye habari. Kuchota ndoo moja saa nne asubuhi hakutoshi. Majitaka hayako sawa saa zote: alfajiri watu wanapoamka mkojo huwa mzito, mchana huja maji ya kufulia, usiku wa manane karibu hakuna kitu. Zaidi ya hapo, dawa adimu hufika kwa mafungu. Mtu mmoja akivuta mnyororo wa choo, fungu lake hupita mbele ya mtambo kwa dakika chache tu. Usipokuwepo dakika hizo, kwako halikuwepo. Kwa hiyo hutumika mashine inayochota kidogo kidogo kwa saa 24, ikichota zaidi pale maji yanapokuwa mengi, kisha mchanganyiko wa siku nzima ndio unaoenda maabara. Hugandishwa, au hutiwa asidi, ili bakteria wasiendelee kula kile tunachokitafuta.

Maabara husafisha sampuli, huzitenganisha kemikali zake, kisha huzipitisha kwenye spektromita ya tungamo, chombo kinachotambua molekuli kwa uzito wake na kwa vipande vinavyopatikana inapovunjwa. Kiwango kinachosomwa ni nanogramu kwa lita. Nanogramu 1 kwa lita ni sawa na gramu 1 iliyoyeyushwa ndani ya mabwawa 400 ya kuogelea ya Olimpiki. Kwamba binadamu ameweza kuikamata chembe hiyo ndani ya uchafu mzito namna ile bado hunistaajabisha kila nikiifikiria.

Hesabu, na mahali zinapolegea

Tuchukue mji wa mfano, wa watu 100,000, unaotoa lita milioni 20 za majitaka kwa siku. Maabara imepata nanogramu 1,000 za benzoilekgonini kwa kila lita. Zidisha kwa lita zote, unapata gramu 20 kwa siku. Gawanya kwa idadi ya watu: miligramu 200 kwa kila watu 1,000 kwa siku. Hicho ndicho kipimo ambacho ripoti nyingi hutumia.

Kuzidisha kwa wingi wa maji kuna maana yake. Mvua ikinyesha na maji kwenye bomba yakawa maradufu, kiwango kwa kila lita hushuka nusu, lakini gramu zilizopita zinabaki zile zile. Anayelinganisha miji kwa nanogramu kwa lita peke yake anaweza kuusifu mji kwa kuacha kokeini, kumbe ulinyeshewa tu.

Kufikia hapa tunajua mabaki. Anayetaka kujua kokeini iliyotumiwa lazima apige hatua nyingine: arudi nyuma, kutoka kwa mkojo hadi kwa dozi. Kwa kuwa sehemu tu ya kokeini hutoka ikiwa benzoilekgonini, namba ya mabaki huzidishwa kwa kigezo cha marekebisho. Zuccato na wenzake walitumia 2.33. Mwaka 2013 tathmini mpya, iliyokusanya tafiti zaidi za jinsi miili ya watu inavyoshughulika na kokeini na kuzingatia kwamba anayevuta kwa pua hatoi sawa na anayejidunga au anayevuta moshi, ilipendekeza 3.59.

Rudi kwenye mji wetu wenye gramu 20. Kwa kigezo cha kwanza, watu wake walitumia gramu 46.6 za kokeini safi siku hiyo. Kwa kigezo cha pili, 71.8. Matumizi yamepanda kwa zaidi ya nusu na hakuna mtu mmoja aliyebadili tabia yake, wala tone moja la maji halikubadilika. Kilichobadilika ni maarifa yetu kuhusu ini. Ndiyo maana ripoti makini siku hizi hupenda kubaki na uzito wa mabaki, na kumwachia msomaji ajue kwamba kila hatua ya ziada ni makisio juu ya makisio.

Ulegevu mkubwa kuliko wote, hata hivyo, hauko kwenye kemia. Uko kwenye idadi ya watu. Je, kweli walikuwa 100,000 siku ile? Sensa humhesabu mtu anapolala, lakini mkojo huhesabiwa anapokojoa. Mji wa ofisi huvimba mchana na kunywea jioni. Mji wa pwani hujaa wakati wa likizo. Kama wageni 50,000 wameingia kwa tamasha, gramu zile zile 20 zinagawanywa kwa watu 150,000, na miligramu 200 zinashuka hadi 133. Watafiti wamejaribu kulitibu jambo hili kwa kupima kitu ambacho kila binadamu hukitoa, kama amonia. Mjini Oslo walijaribu njia nyingine: data ya simu za mkononi, kuona ni simu ngapi zilikuwamo ndani ya eneo linalohudumiwa na mtambo saa kwa saa. Ni jibu zuri la kihesabu, ila ona tulipofika: kipimo kilichosifiwa kwa kutomfuatilia mtu yeyote sasa kinaomba msaada wa simu za watu.

Mwisho wa hesabu kuna gramu 71.8, tuseme. Ni watu wangapi? Kwa dozi za miligramu 100 ni dozi 718. Huenda ni watu 718 waliotumia mara moja moja kwenye sherehe. Huenda ni watu 72 walionaswa na uraibu, kila mmoja akitumia mara kumi. Mji wa kwanza na mji wa pili vina matatizo tofauti kabisa na vinahitaji msaada tofauti kabisa, lakini majitaka yao hayatofautiani. Bado hatujagusa usafi wa unga wenyewe. Wauzaji wakianza kuuza kokeini isiyochanganywa sana, watu wale wale wakivuta mistari ile ile, bomba litaonyesha ongezeko. Kwa jamaa wa mraibu na kwa daktari wa dharura hilo ni ongezeko la hatari kweli, lakini si ongezeko la watumiaji.

Dawa si zote zinakubali kupimwa

Kokeini imekuwa mfano hapa kwa sababu ni mwanafunzi mtiifu. Nyingine ni wakaidi.

Bangi, dawa haramu inayotumiwa na watu wengi zaidi duniani, ni miongoni mwa zinazopimika kwa shida. Mabaki yake hupenda mafuta, hutoka zaidi kwa kinyesi kuliko kwa mkojo, na ndani ya bomba hung'ang'ania chembe ngumu badala ya kuelea kwenye maji yanayochotwa. Heroini ina tatizo la kujificha: mwilini hugeuka upesi kuwa morfini, na morfini hiyo haina tofauti na ile ya mgonjwa wa saratani aliyeandikiwa na daktari, wala na ile inayotokana na kodeini ya kikohozi. Ipo kemikali moja ambayo ni alama ya heroini pekee, lakini hutoka kidogo mno na haidumu bombani. Watafiti hulazimika kutoa morfini ya hospitali kwenye hesabu, kwa kutumia rekodi za maduka ya dawa, na kutumaini kwamba kilichobaki ni cha mtaani.

Methamfetamini hutoka kwa wingi ikiwa haijabadilika, jambo zuri kwa mpimaji. Ila nayo ina pacha halali: selegilini, dawa ya ugonjwa wa Parkinson, ikivunjwa mwilini hutoa methamfetamini. Bahati nzuri mapacha hawa wanaweza kutenganishwa. Molekuli nyingi zina maumbo mawili yanayofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto, na selegilini hutoa umbo moja tu, lile lenye nguvu ndogo ya kulevya.

Mikono hiyo miwili iliwahi kufumbua fumbo kubwa nchini Uholanzi. Mwaka 2011 majitaka ya mji wa Utrecht yalionyesha kiasi cha MDMA kisicho cha kawaida. Anayesoma namba peke yake angesema mji mzima umemeza ekstasi. Watafiti wakaangalia maumbo. MDMA inapotengenezwa kiwandani, mkono wa kulia na wa kushoto huwa nusu kwa nusu. Ikipita mwilini, ini hulivunja umbo moja upesi kuliko jingine, hivyo mkojo hutoka na mizani iliyoinama. Ya Utrecht haikuinama ilivyotakiwa. Dawa ile ilikuwa imemwagwa bila kupita mwilini mwa mtu, na kweli polisi walikuwa wamevamia mahali palipokuwa na vidonge vyake. Bila kipimo hicho cha ziada, wakazi wa Utrecht wangebebeshwa kosa la mfereji wao.

Kuhusu vitu halali, pombe hupimwa kupitia mabaki yake yaitwayo etili salfati, na tumbaku kupitia kotinini, zao la nikotini mwilini. Naona hivi vina faida ambayo haisemwi vya kutosha: mauzo ya sigara na pombe halali yanajulikana, kwa hiyo yanaweza kulinganishwa na kile bomba linachosema, na mbinu yenyewe ikatiwa mtihani.

Kinachoonekana ukitazama kwa muda mrefu

Baada ya mashaka yote hayo, mtu ana haki ya kuuliza kwa nini tuhangaike. Jibu ni kwamba makosa mengi kati ya hayo hayabadiliki kutoka wiki hadi wiki. Mizani inayozidisha kilo mbili haifai kukuambia uzito wako, lakini itakuambia kwa uaminifu kama unakonda. Mtambo ule ule, mashine ile ile, maabara ile ile, mwaka baada ya mwaka: hapo ndipo majitaka huwa shahidi mzuri.

Barani Ulaya mtandao wa watafiti uitwao SCORE ulifanya upimaji wake wa kwanza mwaka 2011, ukipima miji 19 katika wiki moja, wote kwa utaratibu mmoja. Matokeo ya mwaka 2024, yaliyotangazwa pamoja na Shirika la Dawa za Kulevya la Umoja wa Ulaya lililoko Lisbon, yalihusu miji 128 katika nchi 26. Picha inayorudi ni ya jiografia iliyo wazi. Kokeini huwa juu magharibi na kusini, katika miji ya Ubelgiji, Uholanzi na Uhispania. Methamfetamini kwa miaka mingi ilikuwa na makao yake Cheki na Slovakia kabla ya kuanza kuonekana kwingine. Siku za wiki nazo zina hadithi yake. Kokeini na MDMA hupanda kuanzia Ijumaa, hushuka wiki ikiendelea. Methamfetamini husambaa karibu sawa siku zote saba. Kwangu mimi mstari huo ulionyooka husikitisha kuliko kilele chochote cha Jumamosi, kwa sababu dawa inayotumiwa Jumanne kama Jumamosi imekwisha kuwa sehemu ya maisha ya mtu.

Udhaifu wa mpango wa Ulaya ni kwamba wiki moja ya mwaka si mwaka. Australia ilichagua njia nzito zaidi. Mpango wake wa taifa, ulioanza mwaka 2016 chini ya Chuo Kikuu cha Queensland na Chuo Kikuu cha Australia Kusini, hupima mara kadhaa kwa mwaka, dawa halali na haramu, na hufikia zaidi ya nusu ya wakazi wa nchi. Kwa mfululizo kama huo inawezekana kuona kama shehena kubwa iliyokamatwa bandarini ilipunguza chochote mitaani, na baada ya muda gani pengo lilizibwa.

Ni lazima kusema pia nani hayumo. Mbinu hii huwasikia waliounganishwa na bomba la majitaka tu. Mahali ambapo watu wengi hutumia vyoo vya shimo au makaro, sampuli ya mtambo ni sauti ya mitaa michache, mara nyingi ile yenye uwezo. Kuitangaza kuwa sauti ya mji mzima ni kuwafuta wengine kwenye takwimu, na wanaofutwa ndio mara nyingi hawana kituo cha tiba karibu.

Bomba likiwa fupi mno

Kwenye mtambo wa mji mkubwa hakuna anayeweza kutambuliwa. Mkojo wa watu laki kadhaa umechanganyika na maji ya kuoshea vyombo, na hakuna njia ya kuutenganisha. Usalama huo hautokani na sheria. Unatokana na ukubwa. Sogeza mashine juu ya mkondo, kutoka mtamboni hadi chemba ya mtaa, kutoka chemba ya mtaa hadi ya shule, gereza au jengo moja la ofisi, na kila hatua unayopanda inapunguza idadi ya watu waliosimama nyuma ya namba. Kemia haibadiliki kabisa. Maana yake inabadilika kutoka afya ya jamii hadi upelelezi.

Hili si la kubuni. Magereza na matamasha ya muziki yamepimwa, na mwaka 2018 jarida la Nature liliripoti kwamba katika mji wa Zhongshan nchini China vipimo vya majitaka vilisaidia kumkamata mtengenezaji wa dawa. Wapo watakaoona hilo ni jambo jema, na mtengenezaji sina huruma naye. Lakini mtaa uliotangazwa kwa jina kuwa wa kwanza kwa methamfetamini hupata nini? Doria zaidi, na aibu kwa watoto wanaotaja wanakoishi. Watafiti wa mtandao wa SCORE wenyewe wametunga miongozo ya maadili inayoonya kuhusu makundi madogo na kuhusu unyanyapaa, na ninatamani kila ofisi inayoagiza vipimo hivi iisome kabla haijanunua mashine. Swali la kwanza liwe: namba hii ikipanda, tumeandaa nini? Kama jibu ni vitanda vya tiba, naloksoni, dawa inayomzindua aliyezidisha heroini, kwenye magari ya wagonjwa na onyo la mapema kwa wauguzi, pima.

Onyo la mapema ndipo kazi inapoelekea sasa. Dawa mpya za maabara hutokea na kutoweka upesi, na zenye nguvu kama fentanili, dawa kali ya maumivu ya jamii ya morfini, huua kwa kiasi kidogo mno hata alama yake bombani huwa hafifu. Maabara haiwezi kutafuta kitu isichokijua jina. Ndiyo maana baadhi ya wataalamu hawapimi tena orodha ya dawa kumi pekee. Hurekodi alama za maelfu ya molekuli zilizomo ndani ya sampuli, hata zile wasizozitambua, na kuhifadhi rekodi hiyo. Siku hospitali itakapopokea maiti ya kwanza na dawa iliyomuua ikapatiwa jina, watafungua rekodi za miezi iliyopita na kuangalia ilianza kupita lini, na kwenye mtambo upi.